Phani Aliyegawa Koti

29 Septemba

Nimefika Waldau. Kule uwanja wa ndege wa Frankfurt askari wa pasipoti aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena picha, hata nikaanza kushuku kama kweli ni mimi. Akagonga muhuri, akanisukumia pasipoti bila neno.

Achari ya maembe aliyoifunga Amma, mama yangu, imevuja njiani. Suruali zangu zote zinanuka nyumbani, Rajahmundry.

Kituoni alikuwa amesimama kijana mrefu, mwenye miwani na koti kubwa la kijivu, ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa jina langu, Haimavati, kwa herufi za Kitelugu. Sikuwa namjua. Nilipoziona zile herufi machozi yakanitoka palepale mbele za watu. Akacheka.

"Usilie, mdogo wangu. Bado hujaonja chakula chao."

Anaitwa Phanindra, kwao Kakinada, na wanafunzi wa kwetu wote wanamwita Phani anna, yaani kaka mkubwa. Nasikia kila mgeni hupokewa na yeye. Alinibebea mabegi mpaka ghorofa ya juu kabisa, jasho likimtoka kwenye baridi. Mlangoni akaniambia, "Hapa usiogope watu. Ogopa kuchelewa."

Naogopa vyote viwili.

2 Oktoba

Phani anna ametupeleka mjini, mimi na Dhruvi. Dhruvi ndiye tunayekaa naye chumba kimoja, Mgujarati, anacheka hata akiwa usingizini. Tumepita ofisi ya wakazi, benki, bima, na ile ofisi ya vibali vya wageni ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini kama wanataja hospitali ya vichaa. Anna anajua dirisha lipi lina mama mkali na lipi lina mpole. Tulikuwa tunamfuata kama vifaranga. Mimi nilipoulizwa tarehe yangu ya kuzaliwa niliisahau. Akaisema yeye, alikuwa ameisoma kwenye fomu yangu.

"Huyu angekuwa balozi," Dhruvi akasema tukirudi. "Anna, unamaliza lini?"

"Namalizia, namalizia," akajibu, akaanza kutuonyesha duka la mchele.

5 Oktoba

Bi Knoblich anakaa chini kabisa, ni mzee, mwembamba, ana sauti kama msumeno. Leo amepanda ngazi zote kuja kutuonyesha ganda la kitunguu. Lilikuwa kwenye pipa lisilo lake. Alilishika kwa vidole viwili kama panya. Nimeomba radhi kwa Kijerumani, nadhani nimemwambia hongera.

11 Oktoba

Mhadhara wa kwanza. Ukumbi umejaa, profesa anaongea Kiingereza lakini kinakimbia. Mawimbi, milinganyo, ubao mzima, anafuta kabla sijamaliza kunakili. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza basi, kwamba mtihani wa somo hili mtu hupewa nafasi tatu. Ukifeli ya tatu unafutwa chuoni, na somo hilo hutalisoma tena katika chuo chochote cha nchi hii.

Ndiyo sentensi pekee niliyoielewa yote.

12 Oktoba

Sikulala.

20 Oktoba

Amma kapiga. "Unakula?" Nakula. "Unaelewa darasani?" Naelewa. "Nguo zinatosha?" Zinatosha. Nyuma yake nilimsikia Nanna, baba yangu, akiuliza kama nimeshaona theluji, maana ni yeye aliyenipa jina hili la binti wa mlima wa theluji, na mtaani kwetu theluji haijawahi kuonekana isipokuwa ndani ya friji.

Katika majibu yangu, la kwanza tu ndilo lilikuwa kweli, tena nusu.

1 Novemba

Tuliwasha taa za Deepavali, sikukuu yetu ya mwanga, dirishani. King'ora cha moshi kikalia nyumba nzima. Bi Knoblich akapanda na koti la kulalia, nikajificha bafuni, kweli nilijificha. Phani anna alikuwa jikoni anakaanga. Nilimsikia akimwambia maneno taratibu, kwa adabu, kama mjukuu wake. Nilipotoka, yule bibi alikuwa anashuka na ladu mbili, vile vitamu vyetu vya mviringo, kwenye karatasi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia kwetu leo mwanga unalishinda giza. Akasema afadhali ulishinde bila kuchoma pazia."

Ningekuwa na roho kama yake nisingeogopa kitu.

9 Novemba

Maktaba. Anna aliweka kadi yake mlangoni, taa ikawaka nyekundu. Akarudia, nyekundu. "Kadi hizi kama wanasiasa," akasema, "leo zinakujua, kesho hazikujui." Akangoja mtu atoke, akapenya. Hii ni mara ya pili naliona jambo hilo.

15 Novemba

Saa kumi na moja jioni giza totoro.

23 Novemba

Jaribio la katikati ya muhula limerudi. Sitaandika alama hapa, nimeona aibu hata kwa daftari. Nilikaa kwenye ngazi za jengo la mihadhara. Nikamwona mwanangu ambaye bado sijamzaa akiambiwa, mama yako ndiye yule aliyerudishwa.

Phani anna akanikuta hapo. Hakusema pole. Alinipeleka mkahawani, akachukua kalamu, akanieleza mawimbi yale kwa mfano wa mto Godavari na boti ya injini inayopita, na jinsi mtu aliyekaa ukingoni anavyoyahesabu. Nikaelewa. Naapa nilielewa kuliko nilivyowahi kumwelewa profesa.

"Anna, wewe somo hili ulipata ngapi?"

Kalamu ikasimama. "Zamani hiyo," akasema. Kisha akakumbuka ana shughuli.

30 Novemba

Leo nimepigiwa simu na namba nisiyoijua, kutoka nyumbani. Nikajua Nanna ameanguka. Kumbe ni mama yake Phani anna. Amekutana na Amma harusini, wamepeana namba.

"Binti yangu, samahani kukusumbua. Huyu kaka yako kila nikimuuliza ananijibu ndiyo Amma, ndiyo Amma. Sherehe ya kuhitimu ni Aprili tarehe ngapi? Baba yake anataka tuje. Ameshashona suti."

Nikasema nitauliza.

"Amekonda? Usinifiche. Kwenye simu anaweka taa nyuma yake, simwoni uso."

Nikasema hajakonda. Hilo sikuwahi kulitazama.

2 Desemba

Nimemtazama. Amekonda mpaka koti linamning'inia.

Nilimkuta kwenye benchi la kando ya kijito kilichoganda, anakula mkate mkavu. Nikamwambia mama yake amenipigia. Akaacha kutafuna.

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba nitauliza siku ya sherehe. Sasa nauliza."

Bata wawili walikuwa wanateleza juu ya barafu, akawa anawatazama hao.

"Mara ya kwanza nilifeli nikasema bahati mbaya," akaanza. "Mara ya pili nikasema nilikuwa na homa. Mara ya tatu sikuwa na la kusema."

"Lini?"

"Machi iliyopita. Aprili chuo kikanifuta. Kibali changu kiliisha mwanzo wa Oktoba, Haima. Wiki ileile niliyokupeleka kuomba chako."

Nilimwona tena pale dirishani, anamchekea yule mama mkali, anataja tarehe yangu ya kuzaliwa, na mwenyewe hana hata haki ya kusimama kwenye foleni.

"Unakaa wapi?"

"Kwa watu. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kila mmoja anadhani nimekuja mara hiyo tu, chumba changu kinapakwa rangi." Akacheka, kicheko kibaya. "Nimewapokea wengi, mdogo wangu. Nina milango mingi ya kubisha."

"Kwa nini usirudi nyumbani?"

"Nirudi na nini? Baba yangu amebadilisha hata namna anavyotembea mtaani kwa sababu yangu."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa kwa jina la Mungu wa Tirupati. Nilipokuwa naondoka miguu ilinienda mbio yenyewe, na sikujua nakimbia nini. Sasa najua. Huyu ndiye aliyenifundisha mawimbi. Kama yeye ameshindwa, mimi ni nani?

10 Desemba

Mama yake amepiga tena. "Anasoma sana," nikamwambia. Uongo umenitoka laini kama siagi.

Anna akija mimi nasema naumwa kichwa. Namwogopa kama watu wanavyomwogopa mwenye kifua kikuu. Ninaandika hivi na ninajichukia, lakini ndivyo ilivyo.

17 Desemba

Wanafunzi wa kwetu walikutana kwa Tejas, yule anayesomea udaktari wa falsafa na kuliongoza kundi letu la simu. Watu wanaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Phani huyu mbona chumba chake hakiishi kupakwa rangi?" Wakacheka wote. Nami nilicheka. Anna alikuwa jikoni anawapikia.

24 Desemba

Mji mzima umefungwa. Mitaani hakuna hata mbwa. Dhruvi amelia leo, na yeye nilidhani hajui kulia.

3 Januari

Theluji. Nimempigia Nanna nikamwonyesha dirishani. Akapiga makofi kama mtoto. "Jina lako hilo!" Nilitaka kumwambia, Nanna, hili jina lako linaua vidole.

Somo bado linanishinda. Ninasoma mpaka herufi zinatambaa. Namhitaji anna anieleze na sithubutu kumwita.

13 Januari

Kesho Sankranti, sikukuu yetu ya mavuno. Anna amekuja mchana, bila kupiga simu. Amebeba sufuria lake la presha, viungo vyake vyote kwenye makopo, na zile sahani za chuma ambazo mama yake alimpa.

"Nahama," akasema. "Nimepata chumba chenye kila kitu, hivi kaeni navyo."

"Wapi?" nikauliza.

"Nitakuelekeza."

Kisha akavua lile koti la kijivu akamtupia Dhruvi. "Wewe kila siku unalisifu. Chukua, mimi nimeshaizoea baridi."

Dhruvi alipiga kelele ya furaha, akalivaa, likafika chini ya magoti. Anna akamtazama, akatabasamu. Alikuwa mtulivu sana. Miezi yote hii sijamwona mtulivu hivyo, nami nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe mambo yake yamenyooka. Mlangoni akanishika kichwa kidogo kama kaka anavyomshika mdogo wake. "Lile somo utapita," akasema.

14 Januari, na nitaandika yote

Niliamka nikaliona koti limetundikwa nyuma ya mlango. Nililitazama nikiwa bado kitandani. Ndipo likanijia, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Nani anayegawa koti mwezi wa Januari?

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena. Nikamwamsha Dhruvi.

"Labda chaji," akasema.

"Dhruvi, ametugawia sahani za mama yake."

Akaketi kitandani. Kicheko chote kilimtoka usoni.

Nilivunja kiapo. Nikamwambia kila kitu, kisha nikawaandikia wenzetu kwenye kundi la simu: Phani anna alilala kwa nani jana? Majibu yakaja moja moja. Si kwangu. Aliondoka kwangu Jumatatu. Nilidhani yuko kwako. Milango yote ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa naye.

Nikaandika kwamba nawapigia polisi. Tejas akanipigia papo hapo.

"Dada, una akili wewe? Unajua wakimkuta watamfanya nini? Watamfunga pingu wampandishe ndege. Wakitoka hapo watakuja chumba kwa chumba kuuliza nani alimlaza mtu asiye na kibali. Umewafikiria wenzako?"

"Nje ni baridi ya kuua, Tejas."

"Ataonekana tu. Ni mtu mzima. Ngoja mpaka jioni."

Dhruvi alikuwa ananiashiria kwa kichwa kwamba Tejas yuko sahihi. "Tungoje kidogo, Haima. Kibali chako wewe si bado ni kile cha muda?"

Nilijua. Nilijua vizuri sana. Niliwaona Amma na Nanna uwanjani Hyderabad wakinipokea, hawana la kusema. Nilitaka mtu mkubwa aje aniambie la kufanya, na mkubwa wangu katika mji huu alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyepotea.

Nikashuka ngazi nimtafute nje. Bi Knoblich alikuwa anafagia theluji mbele ya mlango. Akaanza juu ya maganda ya machungwa. Sikumsikiliza. Kwa Kijerumani changu kibovu nikamuuliza kama amemwona yule kijana mrefu wa miwani, yule wa ladu.

Akasimamisha fagio. Ndiyo, jana alasiri, alipotoka kwetu. Alipanda njia ya msituni, ile ya kwenda mlimani. Alikuwa na sweta tu, bibi akamwita avae koti, naye akampungia mkono.

Nikasema, "Hajarudi."

"Tangu jana?" Sauti yake ilipanda. "Tangu jana! Na nyinyi mmekaa nalo tu huko juu?"

Akaniuliza nimempigia nani. Nikasema hakuna, ninaogopa. Nikamwambia sababu, kibali, chuo, yote, maneno mengine kwa mikono. Sijui alielewa kiasi gani. Akanishika mkono, alinifinya hasa, akaniingiza kwake akanipa simu ya mezani.

"Kijerumani changu hakitoshi," nikamwambia.

"Cha kwangu kinatosha. Lakini jina lake litaje wewe."

Nikalitaja. Phanindra. Nikalitaja herufi kwa herufi, na kila herufi niliona namsukuma mahali fulani, sijui shimoni au nje ya shimo.

Polisi walikuja wawili, mwanamke na mwanamume. Nilikuwa nimekwisha kuandaa pasipoti yangu, nimeishika mbele kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Yule mwanamke akaitazama asielewe. "Iweke," akasema. "Ana urefu gani? Viatu gani? Anapenda kwenda wapi?" Hayo tu. Hakuniuliza kibali changu, wala nani alimlaza wapi.

Wakapanda watu wa uokoaji na mbwa. Sisi tulikaa jikoni kwa Bi Knoblich, tunatazama mlima. Nyumbani saa hizo watoto walikuwa wanarusha vishada juu ya mapaa, Amma alikuwa amechora maua ya unga mlangoni. Simu yangu ikawaka. Mama yake Phani. Ikawaka mpaka ikanyamaza. Ikawaka tena. Dhruvi akaifunika kwa kitambaa cha meza, lakini ule mwanga ulipenya.

Giza lilikuwa limeanza kushuka waliporudi kutuambia. Wamempata kwenye kibanda cha wakata miti, amekaa, ameegemea ukuta. Yuko hai. Hawajui kuhusu miguu.

Dhruvi alianguka magotini. Mimi sikulia. Nilitapika kwenye sinki la Bi Knoblich, na hata yeye hakusema kitu.

15 Januari

Nimetolewa kwenye kundi la simu. Mmoja wao tumepishana dukani, akaniambia, "Umetuuza wewe," akaenda zake kupanga foleni ya mtindi.

Hospitali. Amelala, uso umechubuka kwa baridi, miguu imefungwa. Daktari anasema vidole viwili vya mguu huenda vikakatwa. Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake.

"Nani alikuomba?" akasema.

"Hakuna."

"Uliapa."

"Niliapa."

Akageukia ukutani. Nikakaa. Sikujua kama naruhusiwa kukaa, lakini niliogopa zaidi kuondoka. Akasema, bado kageuka, "Sikwenda kufa. Sidhani. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Kisha nikachoka kuinuka."

Dhruvi akaingia na lile koti, limefuliwa na kupigwa pasi. Akaliweka miguuni pake. "Halinifai," akasema. "Linanifanya mfupi."

16 Januari

Nimempigia mama yake. Kwanza nilifanya mazoezi mbele ya kioo, lakini aliposema tu "binti yangu" nikasahau mpangilio wote.

"Mama, keti kwanza."

"Nimekaa. Sema."

Nikasema. Mlima, hospitali, miguu. Halafu mtihani, Machi, kufutwa, kibali. Sikupumzika, niliogopa nikinyamaza nitaanza kupamba. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, bibi yangu husema, na mimi nilikuwa nimeyaficha pamoja naye.

Nikasikia feni ya dari kwao inazunguka.

"Nani mwingine huku anajua?" akauliza.

Sikuamini masikio yangu. "Hakuna."

"Mama yako?"

"Hajui."

"Basi asijue." Akakata.

Nilimchukia yule mama. Nilitembea huku na huko chumbani nikimtukana kwa maneno ambayo Amma angeyasikia angenizaba kibao. Nikasema, kumbe ndiyo maana alipanda mlima.

Kabla chai haijapoa simu ikalia. Alikuwa analia kiasi kwamba sikumtambua. "Nilikuuliza swali la kijinga. La kwanza kabisa lililonijia, nikauliza hilo! Mimi ni mama wa namna gani? Nipe mwanangu. Nipe mwanangu nimsikie."

Nikachukua basi. Nikamwekea anna simu sikioni. Hakutaka, alikaza meno. Sauti ya mama yake ilisikika mpaka kitanda cha pili. "Phani! Wewe Phani, mjinga mkubwa wewe, ungekufa huko juu kwa ajili ya karatasi? Baba yako ataivaa ile suti kuja kukupokea, unanisikia? Ataivaa hiyohiyo!"

Yule mtu aliyetupokea sisi wote alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

29 Januari

Kidole kimoja tu wamekata. Mama wa ustawi wa jamii pale hospitali amemweleza kwamba anaweza kurudi kwao kwa hiari yake. Hakuna pingu. Nilimwandikia Tejas maneno hayo, kavu tu. Hajajibu. Lakini jana alikwenda hospitali, nasikia, akakaa, akamenya chungwa.

Anna hanisemeshi sana. Lakini leo aliniambia nilete daftari la mawimbi.

4 Februari

Bi Knoblich ameacha karatasi mlangoni. Nilidhani ni kuhusu mgonjwa. Ni kuhusu maganda.

9 Februari

Tumemsindikiza kituoni. Anachechemea. Dhruvi amemfungia chapati za njiani. Tejas alikuja na kusimama mbali, kisha akabeba begi.

Treni ilipokaribia nikamwambia anna, "Nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa kuniitia polisi au kwa kunikimbia Desemba?"

Kumbe aliona.

"La polisi bado sijakusamehe," akasema. "Nikiamka asubuhi nakushukuru, jioni nakuchukia. Ngoja nifike nyumbani nijue." Akapanda. Alipokaa dirishani alijaribu kutabasamu, akashindwa, akaacha tu uso wake uwe jinsi ulivyo. Sikuwahi kumwona na uso huo. Nimempenda zaidi hivyo.

13 Februari

Mtihani. Swali la mawimbi nililijua. Mengine yalinitazama nami nikayatazama.

15 Februari

Anna amepiga simu kutoka Kakinada. Baba yake alikuja kituoni na suti kwenye jua lile, akamshika mkono, hajamwambia neno mpaka leo. Anakula naye lakini hasemi. Majirani wanauliza.

"Unawajibu nini?"

"Nilifeli, nawaambia. Wa kwanza nilidhani nitazimia. Huyu wa leo akaniuliza tu kama kule embe zinapatikana."

27 Februari

Matokeo yametoka asubuhi. Nimefeli. Kwa alama chache, lakini kufeli ni kufeli. Nafasi ya kwanza imekwenda.

Niliketi ukingoni mwa kitanda, hofu ikanijaa kuanzia nyayo. Ikaniletea shauri lake, tamu na la busara: usiwaambie sasa. Rudia kwanza, upite, kisha utawaambia pamoja, kwa kicheko. Hakuna atakayeumia. Nililisikiliza lote mpaka mwisho. Lilikuwa na sauti yangu kabisa.

Nikapiga simu.

"Amma, nimefeli mtihani. Hata jaribio la Novemba nilifeli."

Ikaanza. Mungu wangu, ikaanza! Kwamba alijua, kwamba nilikuwa napiga picha za chakula niwatumie badala ya kusoma, kwamba binti wa jirani wa mbele amepita na yeye ana macho mabovu, kwamba kwa nini sikusema tangu Novemba, tangu Novemba Haimavati, mtu anazama anakaa kimya kama jiwe? Alinigombeza mpaka akaishiwa pumzi, akanywa maji, nilimsikia akimeza, akaendelea. Nanna akamnyang'anya simu.

"Kurudia ni lini?"

"Aprili, Nanna."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Hata sisi," akasema. "Haya. Kila Jumapili utatuambia usichokielewa. Sisi hatutakielewa pia, lakini utatuambia."

Nyuma yake Amma alikuwa bado anagomba. Nikaiweka simu kwenye mto, sauti juu, nikajilaza ubavu wake na viatu vyangu miguuni, mchana kweupe, nikalala.